Archimedes na Egemeo la Mizani: Maisha Yake na Funzo la Wastani

Kila wanachuo wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Korogwe na Handeni, huleta chuoni madaftari yaliyojaa alama za watoto. Sisi wakufunzi huyasoma madaftari hayo kwa makini, kwa kuwa ndani yake twaweza kuona namna mwalimu anavyowafikiria wanafunzi wake. Katika shule moja Darasa la Tano lilikuwa na mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ulikuwa na watoto 30, nao walipata wastani wa alama 70 katika jaribio la Hisabati. Mkondo wa pili ulikuwa na watoto 90, waliobanana wanne wanne katika dawati, nao wastani wao ulikuwa alama 40. Mwanachuo alijumlisha 70 na 40, akagawa kwa 2, akapata 55, akaandika kwamba darasa lake limevuka nusu. Taarifa hiyo ilisomwa katika kikao cha walimu, na kwa kuwa 55 ni zaidi ya 50, hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kupanga vipindi vya ziada.

Sasa tufanye hesabu upya. Watoto 30 waliopata wastani wa 70 wana jumla ya alama 2,100. Watoto 90 waliopata wastani wa 40 wana jumla ya alama 3,600. Jumla kuu ni alama 5,700, na watoto ni 120. Wastani wa darasa ni 47.5, wala si 55. Darasa lile halikuvuka nusu. Katika hesabu ya mwanachuo, mkondo wa watoto 90 ulipewa nguvu sawa na mkondo wa watoto 30. Yaani kila mtoto wa mkondo wa pili alihesabiwa kuwa theluthi moja ya mtoto wa mkondo wa kwanza. Wala mwanachuo hakukusudia kumdhulumu mtu yeyote. Alifuata amri aliyofundishwa tangu utotoni: jumlisha, kisha gawa.

Kosa la namna hii halitibiwi kwa kuongeza amri nyingine ya kukariri. Hutibiwa kwa kumwonyesha mwanafunzi sababu ya jambo. Kwa ajili hiyo tumeona vema kueleza maisha ya mtaalamu aliyefariki zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ambaye aliacha uthibitisho maarufu wa kwa nini upande wenye uzito mkubwa huvuta egemeo la mizani kuelekea kwake. Mtu huyo ni Archimedes wa Syracuse. Mwalimu akiyafahamu maisha yake na njia yake ya kufikiri, atakuwa amepata zana ya kufundishia ambayo haihitaji fedha.

Kuzaliwa na malezi yake

Archimedes alizaliwa yapata mwaka 287 K.K. katika mji wa Syracuse, kwenye kisiwa cha Sicily, kusini mwa Italia ya leo. Wakati ule Syracuse ulikuwa mji wa Wagiriki, wenye bandari nzuri, kuta imara na biashara kubwa. Baba yake aliitwa Pheidias, naye alikuwa mtaalamu wa elimu ya nyota. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia katika nyumba ambamo kupima na kuhesabu kulikuwa kazi ya kila siku. Mtawala wa mji, Mfalme Hiero wa Pili, alikuwa rafiki wa Archimedes, na waandishi wa kale wanasimulia kwamba walikuwa na udugu wa damu.

Katika zama zile kitovu cha elimu kilikuwa barani kwetu Afrika, katika mji wa Alexandria nchini Misri, uliokuwa na maktaba iliyosifika kuliko zote. Archimedes alikuwa na uhusiano wa karibu na wataalamu wa huko. Alimwandikia Conon, na baada ya Conon kufariki alimwandikia Dositheus. Alimwandikia pia Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi ambayo leo ni Libya, yule aliyekadiria mzunguko wa dunia kwa kupima vivuli vya jua. Archimedes alikuwa na desturi ya kuwapelekea wenzake mambo aliyoyavumbua bila kuwaeleza kwanza uthibitisho wake, ili nao wajaribu kuutafuta. Desturi hiyo ni njema kwa mwalimu: mwanafunzi apewe swali na muda wa kuhangaika nalo kabla ya kupewa jibu.

Huko Misri wakulima walitumia chombo cha kupandishia maji kutoka mtoni hadi mashambani. Ni bomba lenye parafujo ndani yake, nalo huzungushwa kwa mkono. Chombo hicho hadi leo huitwa parafujo ya Archimedes. Sisi tunaoishi kando ya Mto Pangani, tunaoona mboga zikinyauka wakati wa kiangazi ilhali maji yanapita bondeni, twaweza kuelewa upesi thamani ya chombo cha namna hiyo.

Wasimulizi wa kale wanaeleza kwamba Archimedes alizama katika fikra kiasi cha kusahau kula. Alichora maumbo katika majivu ya moto, na hata alipopakwa mafuta baada ya kuoga alichora kwa kidole juu ya ngozi yake mwenyewe. Mwanachuo anayelalamika kwamba shule aliyopangiwa haina ubao wa kutosha na akumbuke majivu hayo. Uwanja wa shule uliofagiliwa vizuri ni ubao mkubwa kuliko wowote unaouzwa dukani.

Kanuni ya wenzo na uthibitisho wake

Watu walitumia wenzo na mizani karne nyingi kabla ya Archimedes. Wajenzi waling'oa mawe kwa magogo, na wachuuzi walipima bidhaa sokoni. Kila mmoja alifahamu kwa mazoea kwamba mzigo mkubwa huwekwa karibu na egemeo, na mzigo mdogo huwekwa mbali. Archimedes hakuridhika na mazoea. Katika kitabu chake kuhusu usawa wa maumbo bapa alianza na jambo ambalo hata mtoto hawezi kulikataa: mizigo miwili iliyo sawa, iliyowekwa umbali ulio sawa kutoka katika egemeo, husimama sawa. Kutoka hapo alipanda hatua kwa hatua hadi kwenye mizigo isiyo sawa. Huu ndio mwendo tunaousisitiza vyuoni, wa kutoka katika jambo linalofahamika kwenda katika jambo lisilofahamika.

Uthibitisho wake waweza kuonyeshwa darasani kwa fimbo nyepesi iliyonyooka yenye urefu wa sentimita 80, uzi, na vifuko vinne vya mchanga vyenye uzito sawa. Weka alama kwenye sentimita ya 10, ya 30, ya 50 na ya 70. Funga uzi katikati ya fimbo, kwenye sentimita ya 40, uining'inize. Tundika kifuko kimoja kwenye kila alama. Fimbo itasimama sawa, na watoto hawatashangaa, kwa kuwa pande zote mbili zinafanana.

Sasa waulize watoto: tukiondoa kifuko cha alama ya kwanza na kile cha alama ya tatu, tukavitundika vyote viwili kwenye alama ya pili, fimbo itainama? Waache wabishane. Kisha fanya hivyo mbele yao. Fimbo haitainama, maana alama ya pili ipo katikati kabisa ya alama ya kwanza na ya tatu. Kifuko kimoja kimesogea sentimita 20 kwenda kulia, na kingine kimesogea sentimita 20 kwenda kushoto. Sasa vifuko vitatu vipo kwenye sentimita ya 30, na kifuko kimoja kipo kwenye sentimita ya 70. Egemeo halijahama. Vile vitatu vipo umbali wa sentimita 10 kutoka katika egemeo, na kile kimoja kipo umbali wa sentimita 30. Tatu mara 10 ni 30, na moja mara 30 ni 30. Kanuni ya wenzo imejitokeza yenyewe mbele ya macho ya watoto, bila mwalimu kuiandika ubaoni.

Baada ya hapo tuirudie ile mikondo miwili ya Darasa la Tano. Watoto 90 na watoto 30 ni kama vifuko vitatu na kifuko kimoja. Alama ya pili ya fimbo tuiite wastani wa 40, na alama ya nne tuiite wastani wa 70. Kati yake pana tofauti ya alama 30. Egemeo lipo robo ya njia kutoka upande wenye watu wengi, na robo ya 30 ni 7.5. Basi wastani wa darasa ni 40 na 7.5, yaani 47.5. Mwanachuo wetu aliyeandika 55 aliweka uzi katikati ya alama hizo mbili, akasahau kutazama vifuko. Fimbo yake ingelianguka.

Wastani wa namna hii twaweza kuuita wastani wenye uzito. Jina lisimtishe mtu yeyote. Vile vifuko vinne vilivyopangwa kwa nafasi sawa na vile vilivyokusanywa vitatu kwa kimoja vina egemeo lile lile. Vivyo hivyo, wastani wenye uzito ni ule ule wastani wa kawaida ambao kila mtoto amehesabiwa mara moja, bila kupungukiwa. Ukizidisha kila wastani kwa idadi ya watu wake kabla ya kujumlisha, kisha ukagawa kwa idadi ya wote, umemrudishia kila mmoja haki yake ya kuhesabiwa.

Taji la mfalme

Kisa kinachosimuliwa zaidi kuhusu Archimedes ni kile cha taji. Mfalme Hiero alimpa sonara dhahabu ili atengeneze taji la kuwekwa wakfu kwa miungu. Taji lilipoletwa, uzito wake ulilingana na dhahabu iliyotolewa, lakini pakazuka uvumi kwamba sonara ameiba sehemu ya dhahabu akachanganya madini ya fedha. Archimedes aliombwa atafute ukweli bila kuliharibu taji. Alipokuwa akiingia katika birika la kuogea, aliona maji yakimwagika kadiri mwili wake ulivyozama, na hapo akapata ufumbuzi. Inasimuliwa kwamba alikimbia nyumbani akiwa uchi, akipiga kelele za furaha kwamba amelipata alilokuwa akilitafuta. Alitumbukiza katika maji dhahabu tupu na fedha tupu zenye uzito sawa na taji. Taji lilimwaga maji mengi kuliko dhahabu, na machache kuliko fedha. Udanganyifu wa sonara ukadhihirika. Kisa hiki kimetufikia kwa kalamu ya Vitruvius, fundi mjenzi wa Kirumi aliyeandika karibu miaka 200 baadaye.

Mwalimu asiishie katika kuchekesha watoto kwa habari ya mtu aliyekimbia uchi. Ndani ya taji mna somo la wastani. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 hivi, na ya madini ya fedha ina gramu 10.5. Tuseme mchanganyiko una sehemu tatu za dhahabu na sehemu moja ya fedha kwa ujazo. Tatu mara 19.3 ni 57.9, ongeza 10.5 upate 68.4, gawa kwa 4 upate gramu 17.1. Hivyo mchanganyiko hukaa kati ya dhahabu na fedha, lakini hukaa karibu na dhahabu, kwa kuwa dhahabu ndiyo nyingi. Anayejua namba ya mchanganyiko aweza kurudi nyuma akajua ni kiasi gani cha dhahabu kimeibwa.

Hapa pana tahadhari. Tumehesabu sehemu kwa ujazo, kwa sababu tulikuwa tukitafuta uzito wa kila sentimita ya ujazo. Kama fundi angechanganya kilo moja ya dhahabu na kilo moja ya fedha, jibu lisingekuwa nusu ya njia, kwa kuwa kilo moja ya fedha huchukua nafasi kubwa karibu mara mbili ya kilo moja ya dhahabu. Kwa hiyo haitoshi kujua kwamba kuna uzito. Hatuna budi kuuliza ni uzito wa kitu gani. Mfano wa nyumbani ni huu. Mkulima anatoka Manundu kwa baiskeli kwenda shambani, umbali wa kilomita 12, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa. Jioni anarudi na mzigo wa kuni kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa. Wengi watasema mwendo wake wa wastani ni kilomita 9 kwa saa. Lakini alikwenda kwa saa moja na kurudi kwa saa mbili. Alisafiri kilomita 24 kwa saa tatu, yaani kilomita 8 kwa saa. Uzito wa hesabu hiyo ni muda, na mwendo wa polepole ulichukua muda mrefu zaidi.

Sonara wa Syracuse alidanganya kwa makusudi. Sokoni hapa Manundu mtu aweza kujidanganya mwenyewe bila kukusudia. Tuseme mama mmoja mfanyabiashara amenunua madebe 5 ya mahindi kwa shilingi 9,000 kila debe, na baada ya bei kupanda akanunua madebe 20 kwa shilingi 14,000 kila debe. Akijumlisha bei hizo mbili na kugawa kwa 2 ataona kwamba debe limemgharimu shilingi 11,500. Akiuza kwa shilingi 12,500 atafurahi kwamba amepata faida ya shilingi 1,000 kwa kila debe. Kumbe alitoa shilingi 45,000 na shilingi 280,000, jumla shilingi 325,000 kwa madebe 25, yaani shilingi 13,000 kwa debe. Kila debe analouza linamla mtaji shilingi 500, na mahindi yatakapokwisha atakuwa amepoteza shilingi 12,500. Atamlaumu mteja, atailaumu bahati, pengine atamshuku aliyemwachia meza. Mtoto wake wa Darasa la Sita aliyefundishwa vizuri aweza kumwonyesha mahali fedha zilipokwenda. Hapo ndipo elimu ya shule ya msingi inapokuwa na manufaa nyumbani.

Mizani ya fikra

Archimedes aliendelea kuitumia mizani hata mahali pasipo na mizigo. Katika kitabu alichompelekea Eratosthenes alieleza njia yake ya siri. Alilichukua umbo, akalikata kwa fikra vipande vyembamba mno, akavitundika vipande hivyo upande mmoja wa mizani ya kufikirika na vipande vya umbo jingine upande wa pili, kisha akatazama egemeo lipo wapi. Kwa njia hiyo aligundua kwamba tufe lililoingia barabara ndani ya mcheduara huchukua theluthi mbili za ujazo wa mcheduara huo. Hakukubali kwamba kugundua kwa mizani kunatosha. Alitafuta uthibitisho kamili wa jiometri. Lakini pia hakuona aibu kuwaeleza wenzake kwamba kwanza alipapasa, ndipo akathibitisha. Walimu wengi huwaonyesha watoto jibu lililokwisha kusafishwa, na mtoto hudhani kwamba wenye akili hawapapasi kamwe.

Kwa kutumia maumbo yenye pande 96 alionyesha pia kwamba pai ni ndogo kuliko tatu na sehemu moja ya saba, na ni kubwa kuliko tatu na sehemu kumi za sabini na moja. Ile 22 kwa 7 ambayo watoto wetu huitumia hadi leo hutokana na kazi hiyo.

Vita na kifo chake

Wakati wa uzee wake vita vikubwa vilizuka kati ya Roma na Carthage, mji wa pwani ya Afrika Kaskazini. Mfalme Hiero alikuwa mwaminifu kwa Roma mpaka alipofariki mwaka 215 K.K. Waliomfuata waligeukia upande wa Carthage, na jeshi la Kirumi chini ya jemadari Marcellus likaja kuuzingira mji kwa nchi kavu na kwa bahari. Archimedes, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, aliongoza kazi ya kutengeneza mitambo ya ulinzi. Mitambo mingine ilirusha mawe mazito, na mingine ilikuwa wenzo mkubwa wenye kulabu, ulioteremshwa kutoka juu ya ukuta, ukainyanyua merikebu kwa upande wa mbele na kuiachia ianguke. Kanuni ile ile iliyosimamisha fimbo sawa ilitisha jeshi zima. Marcellus aliacha kushambulia, akaamua kuuzingira mji hadi uchoke.

Mwaka 212 K.K. mji ulitekwa, baada ya Warumi kupanda sehemu ya ukuta usiku wa sikukuu, wakati walinzi walikuwa wamelewa na kulegea. Marcellus alitaka Archimedes asidhuriwe. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alikuwa ameinamia michoro yake asijue kuwa mji umetekwa. Askari alimwamuru amfuate, naye akataka kwanza amalize swali lake. Askari akamwua kwa upanga. Marcellus alihuzunika, akawatendea heshima ndugu wa marehemu.

Kaburi na kitabu kilichofutwa

Archimedes alitaka kaburi lake liwekewe alama ya tufe na mcheduara, si ya mitambo ya vita. Mwaka 75 K.K. Cicero, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Roma huko Sicily, alilitafuta kaburi hilo. Wenyeji wa Syracuse walikuwa wamekwisha kulisahau. Alilikuta limefunikwa na miiba na vichaka, akalitambua kwa alama ya tufe na mcheduara. Ilikuwa miaka 137 tu tangu kifo chake.

Kitabu chake kuhusu mizani ya fikra nacho kilipata mkasa. Nakala yake ya ngozi, iliyoandikwa katika karne ya 10, ilikwanguliwa katika karne ya 13 na juu yake yakaandikwa maneno ya sala, kwa kuwa ngozi ilikuwa ghali. Mwaka 1906 mtaalamu wa Denmark, Johan Ludvig Heiberg, aliyatambua maandishi yaliyofifia chini ya sala hizo katika mji wa Constantinople, ambao sasa ni Istanbul. Mwaka 1998 kitabu hicho kiliuzwa kwa mnada mjini New York, na baadaye wataalamu wakatumia mianga maalumu kusoma maneno yaliyofutwa.

Mafunzo kwa mwalimu wa shule ya msingi

Funzo la kwanza ni la njia. Somo la wastani lianze na fimbo na vifuko, lifuate vitu vya kweli kama madebe ya mahindi, ndipo lifike kwenye namba tupu. Mtoto aliyeona fimbo ikisimama atakumbuka kwamba jibu halina budi kuwa karibu na upande wenye wengi, na akipata jibu lililo mbali atajishuku mwenyewe kabla mwalimu hajamsahihisha.

Funzo la pili ni la haki. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma iliamua kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi, bali kazi zake za kila siku nazo zihesabiwe. Uamuzi huo, kwa lugha ya hesabu, ulikuwa uamuzi kuhusu uzito. Tuseme mwanafunzi ana alama 80 katika kazi za kila siku na 50 katika mtihani. Mtihani ukipewa uzito wa 60 katika 100 na kazi za kila siku 40, atapata 62. Uzito ukigeuzwa, atapata 68. Mtoto ni yule yule na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni jinsi wakubwa wanavyothamini kila kipimo. Kwa hiyo mwalimu anayepanga uzito wa alama anatoa hukumu, na yampasa awe na sababu anayoweza kuieleza mbele ya mzazi.

Mkutano huo huo uliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, na shule nyingi zikapokea watoto kuliko madawati yaliyokuwapo. Mikondo ya watoto 90 si jambo geni kwetu, na mwanachuo atakayemaliza mwaka huu huenda akapangiwa mmojawapo. Kabla ya kujumlisha wastani wa mkondo wake na wa mwenzake, na ajiulize kila namba inasimama badala ya watoto wangapi, kisha azidishe. Kazi hiyo haizidi dakika moja. Kama ingefanywa katika ile shule tuliyoitaja, kikao cha walimu kingesoma 47.5, na watoto 90 wangepangiwa vipindi vyao vya ziada.